Neema Haina Bei (3): Kutoka Gahini hadi Mbagala

Mwaka 2023 tulisikia habari za Shakahola, msitu wa Kilifi ulikofukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wakamwone Yesu. Mwaka 2025 makaburi mengine yakafunuliwa Kilifi hiyo hiyo, Kwa Binzaro. Kila habari hizi zinaporudi magazetini, sisi wa Dar es Salaam huzisoma ndani ya daladala, tukasikitika, tukasema, "Hao Wakenya!" Mzizi wake tunao hapa hapa. Wale waliambiwa mbingu ina gharama, na gharama hiyo watoe wao.

Luther na Tetzel, yule mwuza vyeti vya msamaha, tumekwisha kuwaona, sirudii. Leo tubaki nyumbani, maana wapo wanaodhani neema ni hoja ya Wajerumani iliyokuja na meli.

Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, alitoka Gahini, mashariki mwa Rwanda, akiwa hoi. Njaa kubwa ilikuwa imeipiga nchi. Alikuwa ametibu, amelisha, amehubiri. Kwa hesabu ya wema, nani angemdai? Hata hivyo alifika Kampala akijiona mtupu. Pale kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa ameajiriwa idara ya afya (ndiye baba wa Apolo Nsibambi, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uganda). Wakasoma Biblia, wakaomba, Mzungu na Mwafrika, kama wadeni wawili wasio na cha kulipia.

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, mwalimu wa Gahini, akausukuma uamsho uliozaliwa katika maombi hayo hadi alipofariki Januari 1936. Walokole, ndio watu wa uamsho huo, wakavuka mto Kagera, wakaingia Karagwe na Bukoba. Kwenye ushirika wao mtu alisimama mbele ya wenzake akaitaja dhambi yake waziwazi: jembe la jirani niliiba mimi. Kesho yake jembe likarudi kwa mwenyewe. Lakini tazama kipi kilitangulia. Hakurudisha jembe ili asamehewe. Alikwisha kusamehewa, ndipo jembe likamwia zito mkononi.

Nao Walokole hawakusalimika na hesabu ya wema. Baadaye wakaanza kupimana kwa nguo na kwa ushuhuda, na huko Uganda kundi moja likafikia kuona hata kukopa fedha ni dhambi. Binadamu hapendi kupewa bure.

Tunda la uamsho huo kwetu ni Askofu Josiah Kibira wa Bukoba. Juni 1977 Walutheri wa dunia nzima walikutana hapa Dar es Salaam, mkutano wao mkuu wa kwanza barani Afrika, wakamchagua kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho. Vijana wangapi wa Temeke wanalijua hilo? Miaka 22 baadaye, tarehe 31 Oktoba 1999, Fungamano hilo na Kanisa Katoliki walitia saini kule Augsburg tamko kwamba Mungu humpokea mtu kwa neema, si kwa stahili zake.

Sasa nenda Mbagala Rangi Tatu uone vichupa vya mafuta ya upako vikiuzwa. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiyakimbilia mafuta ya namna hiyo. Sisi wa makanisa makongwe tusicheke. Nimekaa msibani Kinondoni, mwili uko ndani, nje wazee wanaitafuta kwanza kadi ya ahadi ya marehemu waone kama alimaliza kulipa. Hiyo nayo ni biashara ya Tetzel, tofauti ni kwamba yetu ina mhuri wa usharika.

Kwa walioniuliza kuhusu Yakobo na imani isiyo na matendo: jibu ni wiki ijayo. Kabla ya hapo nina ombi langu la siku zote. Walokole wa zamani wanatuishia. Kama nyumbani kwako Tandika au Mwananyamala yuko bibi aliyekulia kwenye ushirika wa Bukoba, washa simu umrekodi ushuhuda wake, na umwache amalize bila kumkatiza.