Benki Ikikunyima Akaunti ya Hundi: Sehemu ya Tatu

Wiki iliyopita tulitenganisha akaunti ya akiba na akaunti ya hundi, tukaona kwa nini duka likishakua mwenye duka hawezi tena kutegemea akiba na simu peke yake. Anayeagiza mzigo Guangzhou, anayeuza kwa taasisi za serikali, anayelipwa kwa hundi ya kampuni, wote hao huulizwa akaunti yenye jina la biashara. Makala ya leo ni ya yule aliyejaza fomu, akapeleka makaratasi yake, akasubiri, kisha akaambiwa kwa mdomo kwamba maombi yake hayakupita.

Nianze na sheria. Uhusiano wa benki na mteja ni mkataba, na msingi huo tumeurithi kutoka mahakama za Uingereza, tangu kesi ya Foley dhidi ya Hill ya mwaka 1848. Mkataba unataka pande mbili ziridhie. Sheria zetu hazijailazimisha benki ya biashara kumfungulia akaunti kila anayeomba. Kwa hiyo anayekata rufaa asiende akidai kwamba akaunti ni haki yake ya kuzaliwa, maana hapo atashindwa mapema. Aende akidai kutendewa kwa haki, kusikilizwa na kupewa sababu. Hapo ndipo penye nguvu yake.

Inafaa pia kujua benki inaogopa nini. Mwaka 1914 iliamuliwa huko Uingereza kesi ya Ladbroke dhidi ya Todd. Mwizi aliiba hundi ikiwa njiani kwa posta, akaenda kwa mwenye benki, akajitambulisha kwa jina lililoandikwa juu ya hundi ile, akafunguliwa akaunti bila kuulizwa mdhamini. Hundi ikalipwa, mwizi akatoweka. Mahakama ikasema mwenye benki amezembea, na hasara ikawa yake. Desturi ya kudai wadhamini kwa anayetaka kitabu cha hundi inatokana na hofu ya namna hiyo. Kwetu iliongezwa nguvu na Sheria ya Kuzuia Utakatishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006, inayoitaka benki imtambue mteja na kuthibitisha maelezo yake kabla ya kufanya naye kazi. Kuanzia Oktoba 2022 hadi Juni 2025 Tanzania ilikuwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, FATF. Benki yenye wakaguzi mlangoni haikubali karatasi yenye shaka.

Na karatasi za wafanyabiashara wa Kariakoo zina shaka nyingi, ingawa wenyewe ni watu waaminifu. Mchukue mama anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo. Fremu anayoitumia aliachiwa na mpangaji mwingine, akalipa kilemba cha mamilioni, lakini mkataba wa pango na mwenye nyumba bado unasoma jina la yule wa kwanza. Anaishi Mbagala, hivyo barua yake ya Serikali ya Mtaa inatoka huko, huku leseni ya biashara ikitaja Kariakoo. Kitambulisho cha NIDA kina majina matatu, cheti cha BRELA kina mawili, na kwenye cheti cha namba ya mlipakodi herufi moja ya jina imeruka. Ofisa wa benki akija kutazama duka, majirani wanamjua kwa jina la Mama Salma, jina ambalo halimo kwenye karatasi hata moja. Wateja wake wanatoka Lubumbashi, Lilongwe na Moroni, wanalipa taslimu. Benki ikijumlisha haya yote inaona mtu asiyejulikana anakaa wapi, anafanyia wapi kazi, na fedha zake zinatoka kwa nani. Mama mwenyewe anaona ameonewa. Kwa maoni yangu wote wawili wana hoja, na rufaa nzuri ni ile inayoziba pengo lililo kati yao.

Hatua ya kwanza ni barua kwa meneja wa tawi. Iwe fupi: tarehe ya maombi, aina ya akaunti, jina la aliyekuhudumia, na ombi moja tu, kwamba upewe kwa maandishi sababu ya kukataliwa. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo. Watu wengi huidharau nakala hiyo, lakini ndiyo rufaa yenyewe. Jibu la mdomo haliwezi kupelekwa popote.

Sababu ikijulikana, jibu kila kipengele. Tofauti ya majina hutibiwa kwa hati ya kiapo iliyosainiwa mbele ya wakili, na ni bora zaidi kurekebisha kumbukumbu zenyewe TRA na BRELA. Suala la fremu linataka mkataba mpya unaowaunganisha mwenye nyumba, mpangaji wa kwanza na wewe. Ni kazi ngumu, kwa sababu wenye nyumba wengi hawapendi kuandika kodi halisi, lakini bila karatasi hiyo utakwama tena kwenye benki ya pili na ya tatu. Kuhusu chanzo cha fedha, ambatisha taarifa ya miamala ya Lipa Namba, risiti za mashine ya EFD na hati za forodha za mzigo wako. Wenye kampuni waongeze taarifa za wamiliki manufaa walizosajili BRELA. Na kama kilichokukwamisha ni deni la zamani, omba ripoti yako kwa kampuni za taarifa za mikopo zilizopewa leseni na Benki Kuu, Creditinfo na Dun & Bradstreet. Mkopo uliokwisha kulipwa huweza kubaki humo ukionekana hai, na una haki ya kudai urekebishwe.

Tawi likinyamaza, panda hadi makao makuu ya benki hiyo. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinaitaka kila benki iwe na utaratibu wa kupokea na kushughulikia malalamiko. Usiiruke hatua hii, kwa sababu Benki Kuu itakuuliza kwanza kama ulianzia kwenye benki yako. Ukishajibiwa na usiridhike, au ukikaliwa kimya, Benki Kuu ina dawati la malalamiko, na kutoka Kariakoo hadi ofisi zake za Mtaa wa Mirambo unaweza kwenda kwa miguu. Dawati hilo usilitarajie liiamuru benki ikupende. Litarajie liulize kama benki ilifuata utaratibu wake, na swali hilo likitoka Mtaa wa Mirambo haliwekwi chini ya rundo.

Kuna mlango mwingine ambao wafanyabiashara wachache wanaujua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakupa haki ya kujua taarifa ambazo taasisi imezihifadhi juu yako na kudai zenye makosa zisahihishwe. Pale ambapo benki imekuchanganya na mtu mwingine mwenye jina kama lako, ombi chini ya sheria hii laweza kumaliza mgogoro.

Upo ukimya mmoja ambao hautavunjika. Benki ikiwa imepeleka taarifa ya shaka kwa kitengo cha serikali kinachoshughulikia fedha haramu, sheria inamkataza ofisa kukuambia. Kumgombeza hakutasaidia.

Ila ukimya wa kawaida, ule wa uvivu na dharau, hauna utetezi. Ufaransa tangu mwaka 1984 imeweka haki ya akaunti: aliyekataliwa huichukua barua ya kukataliwa hadi benki kuu ya nchi, nayo huiteua benki itakayomhudumia kwa huduma za msingi. Huko karatasi ya kukataliwa ndiyo ufunguo. Sisemi tunakili yote leo. Nasema kanuni zetu za 2019 zitakapofanyiwa marekebisho, kiongezwe kifungu kimoja cha kuilazimisha kila benki impe aliyekataliwa barua yenye sababu, isipokuwa pale sheria ya fedha haramu inapozuia. Jumuiya ya Wafanyabiashara Tanzania na viongozi wa soko wana uwezo wa kulipeleka ombi hilo Benki Kuu na Wizara ya Fedha, na ningependa kuliona likiwa na saini za wenye fremu wenyewe.