Kukusanya nuru uani

Kuanzia Juni mpaka Oktoba anga la Dodoma hukauka. Katika miezi hiyo, kabla jua halijazama, mimi hulisukuma pembeni paa la kibanda changu cha uani: mabati juu ya fremu ya chuma, magurudumu manne, reli mbili. Hufungua mapema kwa sababu bati lililochomwa na jua mchana kutwa hutoa joto, na hewa ya moto ikipanda mbele ya darubini, nyota hutetemeka kama lami ya saa nane mchana. Katikati ya kibanda imesimama nguzo ya zege inayobeba darubini, iliyozama ardhini bila kugusana na sakafu. Zingegusana, hatua yangu moja ingeharibu picha.

Wengi wakiona picha ya nebula nyekundu, wingu la gesi angani, hudhani siri ni ukubwa wa darubini. Lenzi yangu ina upana wa sentimita 8 tu. Siri ni muda. Jicho hupokea nuru na kuiachia papo hapo, kamera huiweka akiba. Mmarekani Henry Draper alilithibitisha hilo tarehe 30 Septemba 1880, alipoacha bamba la kioo likipokea nuru ya Nebula ya Orioni kwa dakika 51, katika kituo alichojijengea Hastings-on-Hudson, New York. Mwaka 1883 Mwingereza Andrew Common, mhandisi aliyelipenda anga, aliipiga nebula hiyohiyo kutoka bustani ya nyumba yake Ealing, na bamba likanasa nyota zilizo hafifu kuliko uwezo wa jicho.

Shida ni kwamba dunia haingoji. Kwa darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 500, nyota huvuka nukta kama 9 za kamera kila sekunde. Kwa hiyo darubini hukaa juu ya mtambo wenye mota, unaoizungusha kinyume cha dunia kwa mwendo uleule. Mhimili wa mtambo huo sharti uwe sambamba na mhimili wa dunia, na hapo ndipo vitabu vya Ulaya vinapotuacha njiani. Watu wa huko hulenga Nyota ya Kaskazini, basi. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta: nyota hiyo haichomozi kabisa, na ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, ndani ya vumbi, ikiwa na nyota moja hafifu iitwayo Sigma Octantis.

Mimi hutumia njia ya zamani. Nachagua nyota iliyo karibu na utosi, naikazia macho kwa dakika tano. Ikihama kuelekea kaskazini au kusini, najua mhimili umepotoka kushoto au kulia. Nakaza skrubu robo mzunguko, narudia. Kisha nachukua nyota iliyo chini upande wa mashariki, nayo hunionyesha kosa la mwinuko. Kazi hii huweza kula saa nzima, na siionei uchungu saa hiyo.

Halafu ndipo kamera inapoanza: picha 60, kila moja ya dakika mbili. Picha moja peke yake haivutii, imejaa chengachenga kama televisheni isiyo na mawimbi. Lakini chengachenga hubadilika ovyo kila picha, wakati nuru ya nebula iko palepale. Programu ya kompyuta ikizipanga na kuzitafutia wastani, chenga hufifia na nebula hubaki. Picha 4 husafisha mara mbili. 100, mara kumi. Ndiyo maana saa ya kwanza hulipa kuliko ya kumi.

Ukaribu na ikweta una malipo yake pia. Nebula ya Lagoon, iliyo zaidi ya miaka-nuru 4,000 kutoka kwetu, London haipandi zaidi ya nyuzi 14 juu ya upeo. Hapa hufika 72. Kundi la nyota la Omega Centauri watu wa London hawalioni kabisa.

Na kazi hii si mapambo tu. Januari 2023 Marcel Drechsler, Xavier Strottner na Yann Sainty, wapenzi wa anga wasioajiriwa kwa kazi hiyo, walitangaza pamoja na wanasayansi wingu kubwa la oksijeni linaloonekana jirani na galaksi ya Andromeda. Galaksi hiyo ilikuwa imepigwa picha kwa zaidi ya miaka mia, na wingu halikuwa limegunduliwa. Walilipata kwa kukusanya nuru kwa zaidi ya saa 100.

Ila kamera haichagui: huweka akiba ya nebula na ya taa ya jirani vilevile, dakika kwa dakika. Ndugu msomaji, ukifunga taa ya uzio, ifunge ikitazama chini. Wewe utaliona lango lako vizuri zaidi, na mwenzako atabaki na anga.