KAPASITA NA SHAKA YA KIPIMO

Fundi wa redio hapa Wundanyi akifungua redio, ataweza kukuonyesha kapasita ndogo, bapa, iliyoandikwa 101. Maana yake ni pikofaradi 100. Je, ni 100 kamili? Wenzangu darasani hushikilia kwamba ndiyo, maana kiwanda ndicho kilichoandika. Hapo nawakatalia.

Kiwanda chenyewe mara nyingi huongeza herufi K, yaani yaweza kuwa popote kati ya 90 na 110. Ukitaka kujua zaidi, sharti uipime kwa chombo kilicholinganishwa na kingine cha kuaminika zaidi, na hicho na kingine, hadi kufikia maabara ya taifa. Kwetu Kenya ni ile ya KEBS, Nairobi.

Sasa mambo huharibika masafa yanapopanda. Tuseme umeunganisha kapasita hiyo kwa waya wa sentimita 10. Waya huo una induktansi ya takriban nanohenri 100. Kwenye hezi 1,000 hutajua hata kama waya upo. Kwenye megahezi 10, chombo kitasoma karibu pikofaradi 104. Kapasita haijabadilika hata chembe. Ni waya umejitia katika hesabu. Ukitengeneza redio kwa hiyo 104 ya uongo, stesheni itahama kwa asilimia 2 hivi, yaani kilohezi 200, na hutaipata ng'o! Ukifika megahezi 50, waya na kapasita hufutana kabisa. Na FM, jamani, huanzia kama 88. (Ndiyo sababu mafundi hukata miguu ya kapasita ikawa mifupi. Si urembo ule.)

Basi maabarani hupima kwanza ncha zikiwa wazi, bila kapasita, halafu zikiwa zimegusanishwa, kisha huondoa sehemu ya waya kwa hesabu. Lakini kuondoa huko nako si kamili. Kinachobaki ndicho shaka ya kipimo, na shaka si kosa. Kosa ukilijua unalisahihisha, shaka unaitangaza. Mwaka wa 1993 shirika la ISO lilichapisha mwongozo wa kuihesabu. Shaka mbili zisizotegemeana hazijumlishwi hivi hivi: tafuta mraba wa kila moja, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili. Hebu jaribu 0.3 na 0.4. Utapata 0.5, wala si 0.7.

Kwa hiyo jibu la maabara huwa, kwa mfano, "pikofaradi 100.2, kuzidi au kupungua 0.5, kwenye megahezi 1". Masafa hayo yakiachwa, mimi singenunua kapasita hiyo.