Mkurugenzi wa Ubunifu: Mtu Aliye Nyuma ya Tangazo

Mtahiniwa, ukiulizwa kuhusu sajili ya matangazo, bila shaka utakimbilia kuorodhesha sifa: sentensi fupi, chuku, takriri, lugha ya kushawishi. Ni sahihi, na utapata alama zako. Lakini orodha haikwambii ni nani huamua tangazo liwe fupi au litiwe chuku. Katika kampuni ya matangazo, mwamuzi huyo ni mkurugenzi wa ubunifu.

Mara nyingi si yeye anayeliandika. Waandishi na wachoraji humletea mawazo. Yeye huyachuja, huyakataa mengi, kisha huyatetea machache yaliyobaki mbele ya mteja. Wengi hukifikia cheo hicho baada ya kuandika au kuchora matangazo kwa miaka.

Mchukue Bill Bernbach, aliyezaliwa New York, Marekani, mwaka 1911. Alishika cheo hicho katika kampuni ya Grey, kisha mwaka 1949 akaanzisha kampuni ya Doyle Dane Bernbach pamoja na Ned Doyle na Maxwell Dane. Zamani hizo, mwandishi kwa kawaida alimaliza maneno yake ndipo yakapelekwa kwa mchoraji ayatafutie picha. Bernbach aliwaketisha wawili hao pamoja tangu mwanzo.

Mwaka 1959 walipewa kazi ngumu: kuwauzia Wamarekani, waliopenda magari makubwa, kigari cha Volkswagen. Tena kilitoka Ujerumani, miaka 14 tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia! Mchoraji Helmut Krone na mwandishi Julian Koenig hawakuuficha udogo wake. Waliweka picha ndogo ya gari kwenye ukurasa uliokaribia kuwa mtupu, na kichwa cha maneno mawili kilichomwomba msomaji afikirie udogo. Maelezo ya chini yaliugeuza udogo huo kuwa faida: huegeshwa mahali padogo, bima yake ni ndogo, gharama za kulitengeneza ni ndogo. Mwaka 1999 jarida la Advertising Age liliiweka kampeni hiyo ya kwanza katika karne nzima ya 20.

Mwaka 1962 ikaja zamu ya Avis, kampuni ya kukodisha magari iliyokuwa nyuma ya Hertz. Paula Green aliandika kaulimbiu iliyokiri kwamba Avis ni ya pili, na kwa hiyo hujitahidi zaidi.

Sasa tazama tangazo ambalo watahiniwa wengi huandika: “Sabuni yetu ni bora kuliko zote duniani!” Chuku ipo, lakini msomaji hana sababu ya kuiamini. Mwambie kwamba haina manukato, ndiyo maana bei yake ni nafuu, naye ataendelea kusoma.

Zoezi: Fundi anauza baiskeli kuukuu alizozikarabati. Mwandikie tangazo la maneno yasiyozidi 40. Usilifiche neno “kuukuu”, wala usitumie neno “bora”. (alama 5)