Mzazi, Omba Kuona Leseni ya Dereva

Watu wengi hapa Gusii hudhani dereva wa basi la shule ni dereva wa matatu aliyechoka. Ukishakimbizana na abiria kati ya Kisii na Keroka mpaka mgongo ukaanza kulalamika, wanasema, unatafuta shule yenye basi la manjano ukapumzike. Mimi pia nilitokea kwenye matatu, kwa hiyo siwezi kuwacheka. Lakini tangu niajiriwe na shule moja upande wa Nyamira, sijaona pumziko lolote. Kazi ni nyingine, na hata karatasi zake ni nyingine.

Tuanze na leseni. Sisi wa zamani tulikuwa tukisema fulani ana BCE, na mjadala ukaishia hapo. Siku hizi NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, imeyaweka magari ya abiria katika daraja la D na kuligawa mara tatu. D1 ni ya gari la abiria wasiozidi 14. D2 ni ya basi dogo, mwisho abiria 32. D3 ni ya basi la abiria 33 kwenda juu. Sasa hesabu viti vya mabasi ya shule unayopishana nayo njiani: 33, 51, mengine zaidi ya hapo. Kijana wa matatu ya watu 14, hata awe fundi wa kupenya Daraja Mbili siku ya soko, haruhusiwi kushika usukani wa basi kama hilo mpaka asomee na kutahiniwa upya.

Wala si urasimu mtupu. Basi refu likikata kona, magurudumu ya nyuma hupita ndani zaidi kuliko ya mbele. Usipolitanua mapema, gurudumu la nyuma linaingia mtaroni, na mitaro ya huku kwetu ina kina. Halafu kuna miteremko. Mwalimu aliyenifundisha basi kubwa alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka ikatukaa: mlima uteremke kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Anayeteremka bondeni huku amekanyaga breki tangu juu atanusa harufu ya breki kuungua kabla hajafika chini, na baada ya harufu hiyo kanyagio linaweza kuzama bila gari kupungua mwendo. Ongeza mvua ya Kisii, ambayo alasiri nyingi hainyeshi kwa hodi, na udongo mwekundu unaoletwa barabarani na magurudumu ya pikipiki na Probox kutoka njia za ndani. Hapo ndipo D3 inapoonekana ni ya nini.

Mtihani wenyewe una sehemu ambayo wasioendesha magari huicheka. Ni ubao uliochorwa barabara, makutano na mzunguko, na mtahini anakupa kigari cha mchezo. "Toka hapa, ingia mzunguko, tokea njia ya tatu." Nimeona wanaume wenye ndevu wakitetemeka mbele ya kigari cha kushikwa kwa vidole viwili. Ukishafaulu hapo unatoka na mtahini barabarani.

Leseni peke yake haikupi kazi. Katika shule za umma, dereva huajiriwa na bodi ya usimamizi wa shule, TSC, tume ya walimu, haihusiki naye. Matangazo mengi ya bodi huiga masharti ya madereva wa serikali: KCSE yenye alama ya D au zaidi, leseni isiyo na doa la makosa, cheti cha tabia njema, jaribio la ufaafu, na kozi ya huduma ya kwanza ya angalau wiki moja kutoka taasisi inayotambuliwa. Mojawapo ya taasisi hizo ni KIHBT, chuo cha barabara na ujenzi, ambacho kina tawi hapa Kisii. Cheti cha tabia njema hutolewa na DCI, idara ya upelelezi. Unaomba kupitia eCitizen, unakwenda kuchukuliwa alama za vidole, kisha unasubiri waangalie kama una rekodi ya uhalifu.

Kama ningeambiwa nichague karatasi moja tu katika hizo, ningechukua ile ya huduma ya kwanza. Huku kwetu mtoto akianguka kifafa, utaona watu wanakimbilia kijiko wamtie mdomoni. Tulifundishwa kufanya kinyume: usimtie kitu mdomoni, usimkandamize, ondoa vitu vigumu karibu naye, na mtetemeko ukiisha mlaze ubavu ili mate yatoke. Nimewahi kusimamisha basi kando ya mashamba ya majani chai, mtoto amelala ubavu kwenye njia ya katikati ya viti, huku mhudumu wetu akiwazuia wenzake wasimrundikie. Alipofumbua macho, aliuliza begi lake liko wapi.

Mambo mengine hayana cheti. Alfajiri, kabla ya kuwasha injini, nazunguka basi na tochi: nati za magurudumu, matairi, oili, maji, taa. Nafungua mlango wa dharura kutoka ndani, maana mlango huo hukwama kimyakimya na hutajua mpaka siku unapouhitaji. Jioni baada ya mtoto wa mwisho kushuka, natembea hadi kiti cha nyuma kabisa na kuinama kuangalia chini ya viti. Mtoto wa chekechea akilala, huteleza chini na huwezi kumwona kwenye kioo.

Tukirudi kwenye karatasi: Marekani, ambako rangi ya manjano ya mabasi ya shule ilikubaliwa mwaka 1939, dereva wa basi la shule huhitaji kibali cha ziada juu ya leseni ya basi la abiria, kinachotahiniwa kivyake. Sisi tuliichukua rangi hiyo mwaka 2017, Sheria ya Trafiki iliporekebishwa na kuagiza mabasi ya shule yapakwe manjano na yawe na mikanda. Sheria hiyo pia inakataza kusafirisha wanafunzi kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri. Kwa kibali maalumu cha dereva wa wanafunzi, naona Wamarekani wametushinda.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Mwaka 2021, tarehe 4 Desemba, basi la shule ya seminari huko Mwingi lilizama katika Mto Enziu uliofurika, na watu zaidi ya 30 wakafa. Tarehe 8 Agosti 2025 basi la shule lilipinduka kwenye mzunguko wa Coptic, Kisumu, likaua watu zaidi ya 20. Basi la Mwingi lilikuwa limebeba wanakwaya na jamaa waliokuwa wakienda harusini. La Kisumu lilikuwa limebeba waombolezaji waliotoka mazishini. Safari zote mbili hazikuwa za masomo.

Kila mwenyeji wa Kisii na Nyamira anaijua biashara ya kukodisha basi la shule kwa safari kama hizo. Mwili unatoka mochari Ijumaa, familia inakodi basi la shule kwa sababu ni rahisi kuliko la kampuni, shule inapata pesa za dizeli. Dereva ambaye wiki nzima ameamka kabla ya jogoo anaambiwa arudi kazini Jumamosi. Kwa magari ya abiria na ya biashara, sheria inamzuia dereva kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24, lakini kwenye matanga hakuna anayehesabu saa.

Siku moja nilikuta watu zaidi ya themanini wakisubiri basi la viti 51. Mzee wa ukoo akanijia na fimbo yake.

"Mwanangu, hawa wote ni wa nyumba moja. Tutabanana tu, si mbali."

"Tata, pole kwa msiba. Viti ni 51. Waliobaki nitarudi kuwachukua, au tutafute gari lingine."

"Mwenyekiti wa bodi ametukubalia."

"Mwenyekiti hatakuwa kwenye usukani, Tata."

Alinyamaza, akawageukia vijana waliokuwa wameshapanda na kuwaambia washuke. Sitasema kila mzee hukubali. Jumatatu niliitwa ofisini kueleza kwa nini nimewaaibisha wafiwa. Nilieleza, na nikabaki na kazi yangu kwa sababu nina barua ya ajira ya kudumu. Mwenzangu wa shule jirani ni kibarua, halipwi shule zikifungwa. Yeye akiambiwa apakie themanini, atapakia. Vyeti vyake ni sawasawa na vyangu, tena D3 aliipata kabla yangu. Ndiyo maana nasema mafunzo bila mkataba ni nusu ya kazi: unamfundisha mtu kutambua hatari, kisha unamnyima nguvu ya kuikataa.

Wazazi wa huku huchunguza shule kwa makini. Wanauliza wastani wa KCSE, idadi ya vitanda, kama maharagwe yanaiva. Sijaona mzazi aliyeomba kuona leseni yangu, ingawa ni kadi ndogo inayosomeka kwa dakika moja.

Basi mkutano wa muhula ukifika kwenye mengineyo, simama. Omba dereva aitwe aje na kadi yake, uangalie kama ina D3 na kama muda wake haujaisha. Uliza ameajiriwa kwa barua au ni kibarua, na Jumamosi iliyopita basi lilikuwa wapi. Ikiwa basi lina viti 51 na kadi inaishia D2, mtoto wako asilipande mpaka shule ipate dereva anayestahili.