Sanduku Ndani ya Sanduku
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Mbeya na Iringa

MWALIMU: Fungueni madaftari. Mwenye zamu ya kuandika asimame karibu na ubao.

Leo tutajifunza kugawanya orodha ambayo ndani yake mna orodha nyingine, pasipo kupoteza kitu. Jambo hili si geni. Nchi yetu imepangwa kama sanduku ndani ya sanduku. Ndani ya mkoa mna wilaya. Ndani ya wilaya mna tarafa, na ndani ya tarafa mna kata. Ndani ya kata mna vijiji, na kijiji kina vitongoji vyake. Leo tutatumia mkoa, wilaya na kata tu.

Mtu akitazama sanduku huona lilipoanza na lilipoishia. Kompyuta haioni hivyo mpaka iwekewe alama. Njia moja ya kuweka alama huitwa XML, nayo ilitolewa rasmi mwaka 1998. Kila sanduku hupewa alama mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Alama ya kufunga ina mkwaju mbele ya neno. Andikeni ubaoni:

<mkoa jina="Mbeya">
<wilaya jina="Chunya">
<kata>Makongolosi</kata>
<kata>Matundasi</kata>
<kata>Mkwajuni</kata>
<kata>Galula</kata>
</wilaya>
</mkoa>

Hizi si kata zote za Chunya ya zamani. Tumechukua nne tu za kujifunzia. Tazameni mwisho wa orodha. Wilaya imefungwa kwanza, ndipo mkoa ukafungwa. Sanduku lililofunguliwa mwisho hufungwa kwanza. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza.

Sasa tugawanye. Mwaka 2016 Mkoa wa Mbeya ulikatwa, ukazaliwa Mkoa wa Songwe. Wilaya za Ileje, Mbozi na Momba zilihama nzima nzima. Kazi hiyo ni nyepesi, maana ukibeba sanduku, vilivyomo ndani huenda pamoja nalo. Lakini Chunya yenyewe ilikatwa katikati. Makongolosi na Matundasi zilibaki Chunya. Mkwajuni na Galula ziliingia katika wilaya mpya ya Songwe.

MWANAFUNZI: Mwalimu, si tupige mstari tu kati ya Matundasi na Mkwajuni?

MWALIMU: La, mama. Ukipiga mstari tu, sehemu ya juu itabaki wazi, haina alama za kufunga. Nayo sehemu ya chini itakuwa na kata zisizo na wilaya wala mkoa, kama watoto wasio na wazazi. Kompyuta itakataa kuisoma. Baada ya Matundasi, funga wilaya, kisha funga mkoa. Halafu fungua mkoa wa Songwe, fungua wilaya ya Songwe, ndipo uandike Mkwajuni. Umefunga mawili, umefungua mawili. Hiyo ndiyo kanuni ya pili.

Iko njia nyingine. Mpe kila kata karatasi yake, na juu ya karatasi uandike mkoa na wilaya yake mpya. Kisha kusanya karatasi zinazofanana, uweke kila kundi fungu lake. Kompyuta hufanya hivyo kwa kufuata lugha ya kanuni iitwayo XSLT, iliyotolewa mwaka 1999. Tangu toleo la pili, la mwaka 2007, lugha hiyo ina amri maalumu ya kukusanya mafungu. Kanuni huandikwa mbali na orodha. Orodha ya kwanza haifutwi. Kompyuta huisoma, kisha hutoa orodha mpya.

Lakini kuna mtego. Ukiiambia kompyuta, "Weka pamoja kila penye jina la Songwe," itatii, nayo itakosea. Songwe ni jina la mkoa. Ni jina la wilaya pia, na la mto. Tena uwanja wa ndege wa Songwe hauko katika Mkoa wa Songwe, bali uko katika Mkoa wa Mbeya! Kwa hiyo usikusanye kwa jina moja peke yake. Taja mkoa, wilaya na kata. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu.

MWANAFUNZI: Na tukikosea, Mwalimu, hasara ni nini?

MWALIMU: Mfikirie mkulima anayengoja mbolea ya ruzuku. Kata yake ikianguka katika orodha, mbolea haitamfikia, na mvua haitamngoja. Kata ikiandikwa mara mbili, mbolea itakwenda mara mbili mahali pamoja, na wengine watakosa. Kosa la kalamu laweza kuwa njaa ya nyumba.

Kwa hiyo hesabu kabla na baada. Kabla ya mwaka 2016 Mkoa wa Mbeya ulikuwa na wilaya 8. Baadaye Mbeya ilibaki na 5, yaani Chunya, Kyela, Mbarali, Mbeya na Rungwe. Songwe ikawa na 4, yaani Ileje, Mbozi, Momba na Songwe.

MWANAFUNZI: Tano na nne ni tisa! Imezidi moja.

MWALIMU: Vema sana, mama. Umezidi kwa sababu wilaya moja ilikatwa ikawa mbili. Basi usihesabu masanduku yaliyokatwa. Hesabu vitu vidogo ambavyo havikukatwa. Ubaoni tulianza na kata 4. Sasa 2 ziko Chunya na 2 ziko Songwe, jumla 4. Hakuna iliyopotea, hakuna iliyorudiwa.

Zoezi la nyumbani. Mwaka 2012 Mkoa wa Iringa uligawanywa, ukazaliwa Mkoa wa Njombe. Kabla yake Iringa ilikuwa na wilaya 6: Iringa, Kilolo, Mufindi, Njombe, Ludewa na Makete. Tatu za kwanza zilibaki. Njombe ikaanza na wilaya 4. Tatu na nne ni saba. Wilaya ya saba inaitwaje, nayo ilikatwa kutoka wapi? Wanafunzi wa Wanging'ombe, msiwaambie wenzenu mapema! Kisha andikeni mikoa yote miwili kwa alama za kufungua na kufunga.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.