Mapafu Yanapougua, Moyo Hukosa Utulivu

Katika kata ya Ihanda, wilayani Karagwe, kama ilivyo katika vijiji vingi vya mkoa wa Kagera, ndizi na maharage hupikwa kwa kuni, na aghalabu moshi hubaki jikoni pamoja na mpishi. Moshi huo, sigara, vumbi na makovu ya kifua kikuu cha zamani ni miongoni mwa vyanzo vya ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 duniani. Wengi huutambua kwa kikohozi na kuishiwa pumzi. Lisilojulikana sana ni kwamba huvuruga pia neva zinazojiendesha, na kutolijua hilo kunaweza kumpatia mgonjwa dawa isiyomfaa.

Neva hizo huongoza mapigo ya moyo, shinikizo la damu, jasho, usagaji wa chakula na upana wa njia za hewa, bila sisi kuamrisha. Zina matawi mawili. Tawi la simpathetiki huuandaa mwili kwa dharura. Tawi la parasimpathetiki, ambalo neva yake kuu ni vagasi, huurejesha kwenye utulivu. Kwa mtu mwenye afya, matawi haya hupokezana zamu: moyo huenda haraka kidogo anapovuta pumzi, na hupunguza mwendo anapoitoa.

Kwa mgonjwa wa mapafu, mizani huelemea upande wa dharura. Oksijeni inapopungua katika damu, vihisi vilivyo kwenye mishipa ya shingo hupeleka taarifa kwenye ubongo, nao huchochea tawi la simpathetiki. Mwaka 2001, watafiti nchini Ujerumani walipima neva za tawi hilo kwa wagonjwa ambao mapafu yao yalikuwa yameshindwa kazi kwa muda mrefu. Walizikuta zikifanya kazi kupita kiasi, na kasi hiyo ilipungua wagonjwa walipopewa oksijeni. Ikumbukwe kuwa Karagwe iko nyanda za juu, ambako kila pumzi ina oksijeni pungufu kidogo kuliko pwani. Kwa hiyo mapafu dhaifu hubakiwa na akiba ndogo.

Dalili zake ni mapigo ya haraka hata mtu akiwa ameketi, kizunguzungu anapoinuka, jasho, usingizi wa kukatikakatika na hofu isiyo na sababu ya wazi. Nyumbani huitwa wasiwasi, au ugonjwa wa moyo. Dalili hizi zisipuuzwe: utafiti wa Copenhagen, Denmark, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa kadiri mapigo ya mgonjwa aliyepumzika yalivyokuwa ya haraka, ndivyo hatari ya kufariki ilivyoongezeka.

Hata hivyo, mhudumu wa afya asikimbilie kuyapunguza mapigo kwa dawa. Jaribio lililochapishwa nchini Marekani mwaka 2019 liliwapa metoprololi wagonjwa wa mapafu wasio na ugonjwa wa moyo unaoihitaji. Dawa hiyo haikuwakinga na mashambulizi ya ugonjwa, na waliolazwa kwa mashambulizi makali walikuwa wengi zaidi. Mwenye ugonjwa wa moyo unaohitaji dawa za kundi hilo asinyimwe, lakini achaguliwe zile zinazolenga moyo. Kwanza pimeni oksijeni kidoleni, tafuteni homa, upungufu wa damu na maji, kisha mkague namna mgonjwa anavyotumia inhela. Salbutamoli huiga kazi ya tawi la simpathetiki, ndiyo maana huleta mitetemo na mapigo ya haraka. Ipratropiamu huzuia ishara za vagasi zinazobana njia za hewa. Dawa za usingizi zitolewe kwa tahadhari kubwa, kwani zaweza kupunguza msukumo wa kupumua.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Asiache inhela kwa kuogopa mitetemo, wala asizidishe kipimo. Kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, ahesabu mapigo kwa dakika moja na kuyaandika; yakipita 100 mara kwa mara, aende kituoni na daftari lake. Avute pumzi polepole kwa pua na kuitoa kwa midomo iliyobanwa kidogo, bila kujilazimisha, kwani kupumua taratibu husaidia kurudisha mizani ya neva. Atembee kila siku kwa kadiri ya uwezo wake. Anapoamka, akae kwanza kitandani ndipo asimame. Akizimia, akipata maumivu ya kifua, au midomo ikigeuka rangi ya buluu, apelekwe hospitali mara moja.

Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unakusudia kuwafikia Watanzania asilimia 80 ifikapo 2034. Kabla nishati hiyo haijaifikia kila nyumba, kuni zikaushwe vizuri, jiko lipate dirisha, na mwenye kifua kibovu asiachiwe kukaa motoni. Moshi ukipungua, mapafu hupata nafuu, na moyo nao hupunguziwa mzigo.